Kicheko Nilichomrushia Rukaiya Marijani

Ni saa nne na dakika tano asubuhi. Wasikilizaji wapendwa, uliye jikoni, uliye dukani, uliye kando ya kitanda unauguza mtu, habari za Jumamosi. Sauti hii mmezoea iwachekeshe. Leo haitawachekesha. Mie ni Noela Deogratias, na leo tunamkumbuka marehemu Rukaiya Marijani, mkazi wa Mtoni, Temeke, mama lishe wa Kurasini, aliyetutoka akiwa na miaka hamsini na mbili.

Narudia jina. Rukaiya Marijani wa Mtoni. Leo ni arobaini yake. Khitma imeshasomwa, na sasa hivi wanawake wenzake wamekaa jamvini nyumbani kwake wakisubiri chakula, na redio wameiwasha. Imewashwa kwa makusudi. Sababu nitaieleza, lakini nipeni nafasi nianzie mbali kidogo, maana nikianza na sababu sitafika mwisho.

Na jambo moja nilitangulize. Nina aibu. Nalisema mapema ili sauti ikikwama msidhani ni huzuni peke yake.

Rukaiya alizaliwa Mtoni, nyumba ya tatu kutoka hapo alipokuja kuolewa. Baba yake, mzee Marijani, alikuwa fundi cherehani. Aliolewa na Mudathir, karani wa kuhesabu makontena Kurasini, na akamfuata huko huko na sufuria zake. Supu na chapati. Miaka ishirini na mbili aliwalisha madereva wa malori, vibarua na mawakala wa forodha. Watoto wanne, wote kwa uzazi wa kawaida, na wawili kati yao walimtesa siku mbili mbili. Baada ya kila uzazi hakupumzika zaidi ya mwezi. Binti yake mkubwa, Hamida, aliniambia hivi: "Mama alikuwa habebi ndoo moja. Alikuwa anasema akibeba moja, mkono wa pili utaona wivu."

Alikuwa mtu wa mwili. Kilo tisini na nane. Alikuwa pia mtu wa kuimba, na hapo ndipo mie na yeye tulipokutana bila kujuana.

Wenyeji wa Temeke mnazijua klabu zetu za jogging. Kwa wasikilizaji wa mikoani niwaeleze kidogo. Watu wa mtaa wanavaa fulana za rangi moja, wanakutana alfajiri ya Jumamosi, wanakimbia barabarani kwa mstari huku wanaimba. Klabu hiyo hiyo inawatembelea wagonjwa, inazika, inakwenda harusini. Klabu ya Rukaiya iliitwa Kumekucha, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kazi ya mwanzishaji ni kuwatungia beti wanaobaki nyuma. Ukichoka unaimbwa. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu unaimbwa, na kiatu chako nacho kinaimbwa. Lakini Kumekucha walikuwa na desturi moja, na aliyeiweka ni Rukaiya mwenyewe. Mtu aliyetoka hospitali hatungiwi. Anatembea nyuma kwa raha zake, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Ishikeni desturi hiyo, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyetoka hospitali hatungiwi.

Akiwa na miaka arobaini na saba Rukaiya alianza kuumwa ugonjwa ambao hakuutaja kwa mtu. Kizazi kilishuka. Nalitaja kwa jina lake kwa sababu mwenyewe aliagiza litajwe. Akikohoa, mkojo unatoka. Akiinua sufuria, anahisi kitu kinashuka chini kama kinataka kutoka. Akaanza kuvaa nguo nyeusi tu. Akaacha kwenda maulidini, akaacha kukaa na wenzake harusini, kwa sababu udhu ulikuwa haukai na aliogopa harufu. Majirani wakasema Rukaiya siku hizi anaringa. Mumewe mwenyewe alikaa mwaka mzima bila kujua.

Mwaka uliofuata alikwenda hospitali, akafanyiwa upasuaji. Kizazi kikaondolewa, na sehemu za ndani zilizolegea zikashonwa. Mtaani akaaga kwamba anakwenda Rufiji kwa shangazi yake.

Hospitalini alikabidhiwa kwa dada mmoja wa mazoezi tiba aitwaye Yustina. Yustina bado yupo kazini, na juzi nilikwenda kumwona. Aliniambia kwamba Rukaiya alielekezwa kila kitu. Wiki sita za mwanzo asiinue kitu kizito kuliko birika la chai. Atembee, tena atembee kila siku, lakini kidogo kidogo na pasipo mlima. Asikimbie wala asiruke mpaka apimwe na kuruhusiwa, na hilo ni suala la miezi, si wiki. Uzito aupunguze, kwa sababu uzito wa tumbo unakandamiza pale pale paliposhonwa, lakini aupunguze taratibu na kwa sahani zaidi kuliko kwa jasho.

Rukaiya aliyasikia yote hayo. Wiki ya kumi akaona amekaa ndani vya kutosha. Alivikumbuka vicheko vya wenzake. Akavaa fulana yake, akaenda Kumekucha kutembea nyuma. Hakumwambia mtu kwamba ametoka hospitali. Angesema, wangeuliza hospitali ya nini. Kwa hiyo ile desturi aliyoiweka yeye mwenyewe, siku aliyoihitaji, hakuweza kuiomba.

Na asubuhi hiyo ndiyo mie nilikuja Mtoni na gari la matangazo.

Ilikuwa sherehe ya klabu kutimiza miaka kumi. Mwenyekiti wao, bwana Faraji, alitualika. Nilipanda nyuma ya pikapu, kipaza sauti mkononi, matangazo ya moja kwa moja. Nilikuwa na mwaka wa saba kazini na nilijiona mjanja sana. Msafara ukaanza, watu mia mbili, nyimbo zinakwenda. Nikageuka nyuma nikamwona mama mnene anatembea peke yake, polepole, mkono umeshika kiuno.

Nikasema hewani. Nitalirudia kama lilivyokuwa, silipunguzi. Nilisema: "Jamani, mkiani kule kuna kontena limeshushwa Kurasini. Linangoja winchi."

Msafara mzima ukacheka. Dereva akacheka mpaka gari likayumba. Kijana aliyekuwa anaongoza wimbo akalidaka neno, wakaanza kuitikia kontena, winchi iko wapi, kontena, winchi iko wapi. Watu wakageuka kutazama. Na mie, badala ya kunyamaza, nikamwita. Nikasema mama wa nyuma, tuoneshe kwamba una injini.

Rukaiya akakimbia.

Alikimbia kutoka kituo cha mafuta mpaka tulipokuwa tumesimama. Mita mia nne hivi. Alipotufikia nikawaambia wote tumalizie kwa kuruka, mikono juu, na nikahesabu kwenye kipaza sauti. Moja mpaka hamsini. Yeye alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu, anaruka. Picha ninayo mpaka leo. Wakati ule niliiona picha nzuri.

Jioni ile Rukaiya alihisi uzito ule ule wa zamani. Kesho yake akaona damu. Mishono ya ndani ilikuwa imeachia. Yustina anasema hawezi kuapa kwamba ni mbio zile peke yake, kwa kuwa mwili una mambo yake. Alisema hivyo kwa huruma, na mie huruma hiyo sikuistahili.

Alirudi kulala mezani kwa upasuaji wa pili, na ule wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza.

Sijamaliza. Sauti yangu ile, na kicheko kile cha umati, nilivikata nikavifanya kionjo cha kipindi. Mwezi mzima kila asubuhi, kabla ya habari, mlisikia kontena, winchi iko wapi. Wengi wenu mlinitumia ujumbe mkasema mmekipenda. Mzee Mudathir alikuwa anakisikia kazini, kwenye redio ya mlinzi wa yadi, na wenzake wanacheka bila kujua anayechekwa ni nani. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini. Akaniambia, "Nilikuwa nacheka na mie, mwanangu. Nisingecheka wangejua."

Wasikilizaji wapendwa, tuendelee. Kuna sehemu nzuri, na hiyo ni ya kwake peke yake, mie simo.

Baada ya upasuaji wa pili Rukaiya alifuata maelekezo kama mtu anayefuata dawa ya moyo. Aliachana na sufuria, akampa Hamida biashara. Nje ya nyumba yake kuna mstari wa nguzo za umeme. Wiki ya kwanza alitoka mlangoni mpaka nguzo ya kwanza, akarudi, akalala. Wiki ya pili nguzo mbili. Akihisi uzito chini, kesho anarudi nyuma nguzo moja, hana haraka. Mwezi wa nne alikuwa anafika nguzo ya kumi na tano. Jirani mmoja, naye amejifungua kwa shida, akamuuliza dada, unakagua umeme? Rukaiya akamwambia ukweli. Kwa mara ya kwanza akamwambia mtu ukweli. Yule jirani akalia, akasema na mie ndiyo hivyo hivyo.

Kundi likaanzia hapo. Wakajiita Nguzo. Wanawake wanane, kisha ishirini, kisha sitini na kitu, Waislamu kwa Wakristo, kutoka Mtoni mpaka Kurasini. Dada Yustina alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi kuwakagua. Hawakimbii. Hawaruki. Kwao mtu haulizwi una kilo ngapi, anaulizwa umefika nguzo ya ngapi. Na kipimo chao cha mwendo ni cha Rukaiya: ukitembea mpaka ukashindwa kusengenya, umezidisha, punguza.

Aliwafundisha na lile zoezi la kubana. Misuli ya chini, ile inayobeba kibofu, unaibana kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, unaivuta juu, unahesabu taratibu, unaachia kabisa, unapumzika. Alisisitiza kuachia. Alisema wanawake wa Dar kubana wanajua, ni kuachia ndiko kunakowashinda. Kabla ya kukohoa, bana. Kabla ya kuinuka na mtoto, bana, toa pumzi, ndipo uinuke. Usijikamue chooni, kula papai, mboga za majani na maji ya kutosha. Bibi akija na kanga akufunge tumbo likaze kama gunia, mshukuru, kisha uifungue, maana unachokikaza juu kinasukuma chini.

Wali hakuuacha. Aliugeuza, ukawa ndio mboga, na mchicha ukawa ndio chakula. Soda aliiacha. Miaka miwili, kilo kumi na nne. Miezi mingine hakupungua hata robo, na hakuhangaika. Akarudi maulidini. Hamida anasema siku ile mama yake alikaa katikati ya watu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha alipofika nyumbani akasujudu palepale mlangoni.

Sasa nifike kwangu.

Mama yangu mzazi anaitwa Marietha. Alikuwa anaishi Masasi. Mwaka juzi tulimleta Dar, akafanyiwa upasuaji wa tatizo hilo hilo, na akaenda kukaa Mtoni kwa mdogo wangu. Hospitalini wakatuambia kule kule mtaani kwenu kuna kundi zuri la wanawake, mpelekeni. Nikampeleka. Nikapiga hodi.

Rukaiya alikuwa amekaa kibarazani. Kabla sijasema jina akasema sauti hii naijua. Nikafurahi, nikadhani nimempata mpenzi wa kipindi. Akamkaribisha mama yangu, akamwita dada, akamkabidhi kwa wenzake wakamsindikize nguzo ya kwanza. Tulipobaki wawili akanieleza yote niliyowaeleza nyie leo. Hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua mchicha. Alipomaliza akasema:

"Mie sidai pole. Ulilisema hewani, ukalifute hewani. Kuna mwanamke sasa hivi kashonwa juzi, anakusikiliza wewe unamwambia aruke."

Kwa sababu nilikuwa bado nahesabu, wasikilizaji wapendwa. Kila Jumamosi, dakika tano za kuruka, punguza tumbo na Noela. Nikamwambia Mama Hamida, wiki hii hii nitasema.

Sikusema.

Dakika za kuruka niliziondoa kimyakimya, nikaweka muziki. Kusema sikusema. Wiki ikawa mwezi. Nilijiambia nangoja nafasi, nangoja bosi arudi, nangoja mfungo upite. Uongo mtupu. Nilikuwa namwogopa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mama yangu. Mama alikuwa amempenda Rukaiya kama ndugu wa tumbo moja. Alikuwa akinipigia simu jioni kuniambia leo Rukaiya kasema hivi, leo Rukaiya kanifikisha nguzo ya sita. Siku moja akaniuliza, wewe mtangazaji, hivi unamjua mwenzio aliyemcheka mama wa watu hewani mpaka akachanika? Nikasema simjui.

Nilimwambia mama yangu simjui.

Rukaiya hakunikumbusha. Miaka miwili nilikuwa nakwenda pale kumwona mama, tunaamkiana, ananipa chai, anauliza watoto wangu. Wala hakukunja uso. Mwezi uliopita alishikwa na homa ya mapafu. Siku tano. Halikuwa lile tatizo la zamani, naomba asiwepo mtu wa kuogopa upasuaji kwa ajili ya kifo hiki. Nilipata habari nikiwa studio hii, nikiwa nasoma matangazo ya mashindano ya kuimba.

Nilikwenda kuwaomba radhi mzee Mudathir na Hamida. Mzee alinipokea. Hamida alinisikiliza, kisha akaniambia kitu ambacho kimeninyima usingizi. "Mama alikuwa anawasha redio kila asubuhi mpaka kipindi chako kiishe. Nilikuwa namwambia zima, mama. Anasema subiri, labda leo."

Nikamuuliza, mbona mama yangu hajui mpaka leo? Wanawake sitini, hakuna hata mmoja aliyemtajia. Hamida akasema wanajua wote. Mama yake ndiye aliyewakataza. Aliwaambia mtoto wa mtu asitajwe vibaya mbele ya mama yake.

Niliomba nije arobaini. Hamida akakubali kwa sharti moja. Niseme kwanza, hewani, saa ambayo wote wamekaa pale, na mama yangu amekaa nao. Ndiyo maana redio imewashwa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mzee Mudathir, kwa Hamida na wadogo zake, kwa wanawake wa Nguzo na kwa klabu ya Kumekucha, natoa pole. Mwenyezi Mungu amlaze Rukaiya Marijani mahali pema. Nyie wengine, nisikilizeni. Mama, dada, shemeji aliyefanyiwa upasuaji wa kizazi anatembea taratibu, mwache atembee taratibu. Na wewe uliyeshonwa, mie si daktari. Muulize aliyekushona lini uinue, lini uharakishe, lini urudi kazini. Ukiona damu, au homa, au uzito chini unaongezeka, usingoje, rudi hospitali. Wala usiseme unakwenda Rufiji kwa shangazi. Na kama kuna mtu anasubiri neno kutoka kinywani mwako, mwambie akiwa anasikia.

Sasa mama.

Mama, shikamoo. Uliniuliza kama namjua aliyemcheka Rukaiya. Ni mie. Ni mie niliyemwita kontena, na ni mie niliyemfanya akimbie, na ni mie niliyekudanganya. Aliyekufundisha kutembea tena alikuwa ananificha usinione. Nikitoka hapa nakuja Mtoni. Sitaingia moja kwa moja. Nitakaa nje, ukutani pale, mpaka uniite, na usiponiita leo nitarudi kesho.